Nimekata Waya Wenu na Mji Haukuzimika

Kibanda cha Makufuli na Funguo,
Mbele ya shimo lenu lenye mfuniko namba 114.
Jumatatu.

Kwa Meneja Mkuu,
Kampuni ya Nyaya za Faiba za Mjini.

Ndugu Meneja,

KUHUSU: MTANDAO WENU KUENDELEA KUFANYA KAZI BAADA YA MIMI KUUKATA

Nakutakia uzima wewe, wa nyumbani kwako, na wote unaowaamuru hapo ofisini. Mimi mwili hauna neno. Kinachoumwa ni heshima, na heshima haina zahanati, ndiyo maana nimekaa chini kukuandikia.

Nisikupotezee muda. Zimebaki siku nne askari wa jiji aje kukivunja kibanda changu, na kosa ni lenu, kwa sababu mmejenga mtandao ambao mtu akiukata haukatiki. Sasa nieleze kwa urefu.

Mimi ni fundi wa makufuli na funguo. Kwenye kona hii nina miaka kumi na tisa: kibanda cha mabati, meza moja yenye jiliwa la kubania funguo, benchi moja la wateja, na ubao wenye funguo mia mbili ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Hakuna kufuli mjini humu lisilonijua. Niliwahi kufungua sefu ya benki kwa kijiko cha chai, meneja wa benki akatokwa na machozi, akanisihi nisimwambie mtu nilivyofanya, na mpaka leo sijamwambia mtu isipokuwa ndugu, majirani na wateja. Shule niliishia darasa la sita. Si kwamba nilishindwa. Mwalimu alimwita baba akamwambia kuwa akiendelea kunifundisha atabaki yeye hana kitu. Kwa hiyo ukiona herufi imekaa vibaya humu, laumu kalamu.

Nyinyi tulijuana miaka mitatu iliyopita, mlipokuja kuchimba mtaro. Bila shaka mnanikumbuka. Siku mnalaza waya, lile gurudumu kubwa la mbao mlilouzungushia lilichomoka kwenye lori, likaanza kushuka na barabara kuelekea shuleni. Watu wakatawanyika. Mimi nililisimamisha kwa goti hili la kulia, nikalisukuma mpaka kwenye lori lake, kisha nikaendelea kuchonga ufunguo wa mteja niliyekuwa nimemwacha amekaa. Wapo wanaosema gurudumu lilisimama lenyewe kwa kuwa pale barabara ni tambarare. Hao hawakuwepo.

Jioni msimamizi wenu, yule mnene wa kofia ya njano, alifunika shimo, akajifuta jasho, akaniambia mbele ya mashahidi wawili: "Mzee, utuangalizie hapa." Akapanda gari akaenda zake.

Ndugu Meneja, kauli hiyo haikuwa na tarehe ya mwisho. Toka siku hiyo mimi ni mlinzi wenu. Mshahara sikudai na leo sidai. Msimamizi alisahau kizibao cha rangi ya machungwa chenye mistari ya kung'aa, nikakipokea kama barua ya ajira. Nimewazuia madereva wa malori wasiegeshe juu ya mfuniko. Nimepigana na panya, mmoja alikuwa na kifua kama cha bondia. Nikilaza sikio pale juu nasikia mambo yanavyopita humo ndani: picha za sherehe zina kishindo, barua za maofisini zinapita zikikwaruza, na wapenzi wakigombana mfuniko unapata joto.

Wapwa zangu watatu, watoto wa dada yangu, wamekua kwa habari za shimo hili. Niliwaambia mji mzima unapita chini ya miguu ya mjomba wao, hospitali, mabenki, redio, mpaka ndege zikitaka kutua. Nikitaka, nazima. Sitaki tu. Na askari wa jiji naye, kila alipokuja kusafisha njia ya waenda kwa miguu, nilimwambia hivyo hivyo. Fundi viatu aliondolewa. Fundi miavuli aliondolewa. Muuza magazeti aliondoka mwenyewe hata hajaambiwa. Mimi nilibaki, maana nilimuuliza askari swali moja tu: nikihama leo, mji ukizimika kesho, utajibu wewe? Akatikisa kichwa, akapita. Miaka mitatu anatikisa kichwa na kupita.

Hiyo ndiyo hali ilivyokuwa mpaka Alhamisi. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mfuniko wenu hauna kufuli.

Nyinyi ni kampuni kubwa, mna magari meupe, mna vitambulisho vya kuning'iniza shingoni, halafu mali yote hiyo mnaifunika kwa bamba la chuma ambalo hata mbuzi akijikuna analisogeza. Mbele ya kibanda cha fundi kufuli! Niliona ni dharau kwenu na kwangu. Alhamisi saa nne asubuhi nikaamua kuwatengenezea. Nilichukua drili, nikatoboa mfuniko pembeni upande wa kushoto, nikapitisha bolti ya inchi nane ili nifunge komeo, halafu juu yake kufuli la shaba ambalo hata mimi hunichukua dakika mbili kulifungua bila ufunguo. Bolti ilikataa kidogo. Nikaisihi kwa nyundo. Ilipokubali, ilikubali kwa ghafla.

Nilipofunua kutazama, ilikuwa imepita katikati ya bomba lenu, na kwenye ncha yake zinaning'inia nyuzi za kioo nyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Mngeweka kufuli tangu mwanzo nisingetoboa. Kwa hiyo aliyekata waya, ukifuata sheria, ni nyinyi. Lakini hilo si lalamiko kubwa. Nimeliweka la kwanza kwa sababu lilitokea kwanza.

2. Mji haukuzimika.

Nilipoona kile kioo nilijua nimeua mji. Nilitazama njia ya kukimbilia. Lakini mtu mwenye cheo hakimbii, basi nikapanda juu ya benchi na kizibao changu, nikatangaza kwa sauti ya kiserikali: ndugu wananchi, mtandao wa mji mzima umekatika, kila mtu abaki alipo, wenye watoto wawashike mkono, mimi mwenyewe nalishughulikia.

Mtaa mzima ukanigeukia. Nakuambia kweli, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili nilikuwa mkubwa kuliko meya. Halafu kinyozi, jirani yangu wa kushoto, akachungulia mlangoni na mashine ya kunyolea mkononi: "Fundi, mbona mpira wangu unaendelea?" Na mama wa duka la dawa akainua simu yake juu watu wote waone: "Mwanangu huyu hapa, yuko chuoni, anakuona vizuri, anasema shikamoo." Kijana akanipungia mkono. Kutoka ng'ambo ya pili ya mji, kwa waya ambao bolti yangu ilikuwa bado imeuchoma tumboni, kijana alinipungia mkono akitabasamu, na meno yake ningeweza kuyahesabu.

Nilisimama juu ya benchi kama robo saa hivi, nikingoja. Kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda.

3. Mtu wenu wa simu hakunikasirikia.

Nilipiga namba iliyoandikwa kwenye mfuniko. Nilidhani nitakuta mnalia. Nikapokelewa na binti mwenye sauti laini, nikamwambia: mwanangu, keti kwanza, mimi ndiye niliyekata. Nikasikia anabofyabofya. Akasema, "Ahaa, ni kweli mzee, naona hapo pana alama ya njano. Lakini kwingine kote ni kijani."

Akanieleza kwa upole, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba mtandao wa mjini mmeujenga duara. Ukikatika hapa, mwanga unageuza, unazunguka, unapitia upande wa pili, na mambo yanafika kama kawaida. Nikauliza huchukua siku ngapi kugeuza. Akasema hata kupepesa jicho ni muda mrefu kuliko huo. Nikauliza basi walioumia ni wangapi. "Hakuna mteja aliyeathirika, mzee."

Nikamwambia mimi nimeathirika. Akaomba namba yangu ya mteja. Sina, mimi ni mlinzi. Akatafuta jina la mlinzi wa shimo namba 114, hakuliona, akatafuta tena kwa kunionea huruma. Mwishoni akasema mafundi watapita ndani ya siku kumi za kazi, kwa kuwa si dharura, na akanishukuru kwa kupiga simu. Nilimwomba anigombeze, japo kidogo, ili nikawasimulie watu. Akasema hawaruhusiwi.

4. Shemeji yangu.

Mume wa dada yangu anasoma mita za maji. Maisha yake yote ameinama kwenye kuta za watu akinakili namba. Miaka mitatu alikuwa ananisikiliza mezani akiwa kimya, na ukimya wake nilikuwa naupenda. Jana Jumapili nilipoingia tu sebuleni kwao alisimama, akanyoosha mkono kama anasimamisha gari: "Shemeji! Umeacha zamu? Mji umemwachia nani?" Tulipokaa kula akasema, "Mpitishieni mlinzi wetu chumvi, jamani. Hapo kama pamekatika, izungusheni upande wa pili wa meza." Na chumvi ikazunguka kweli, mkono kwa mkono, wapwa zangu wakiipokezana wakiwa wamekufa kwa kicheko, mpaka ikanifikia.

Hilo nililimeza. Ila yule wa mwisho, wa miaka saba, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kufungua kufuli kwa pini ya nywele, aliacha kucheka, akaniangalia, akauliza kwa nia njema kabisa: "Mjomba, kwani wewe ukifa watapitia upande wa pili?"

Dada alimkemea. Lakini alicheka kwanza, nilimwona.

5. Askari wa jiji.

Hili lilitokea Ijumaa, lilipaswa kuwa la nne, nimelisogeza kwa sababu linaniuma na nilitaka kupata pumzi. Kinyozi hana breki mdomoni. Kila kichwa alichokinyoa tangu Alhamisi kiliondoka na habari yangu, na kimojawapo kilikuwa cha askari. Akaja na shingo bado ina poda. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Mzee, umekata?" Nikasema nimekata. "Na mji upo?" Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nikasema upo. "Basi hama."

Akabandika karatasi ya siku saba kwenye ubao wangu wa funguo, na msumari akaazima kwangu. Kibanda hiki kimesomesha watoto wangu wawili. Kimemzika baba yangu. Mke wangu, ambaye alinikataa mara tatu, alikubali siku alipojifungia nje ya nyumba yao akaletwa hapa. Hapo ndipo siku zangu nne zilipotoka, Ndugu Meneja, na sina pengine pa kwenda isipokuwa nyuma ya soko, ambako tayari kuna mafundi kufuli wanne na wote niliwafundisha mimi.

6. Lalamiko kubwa, la kimsingi.

Nimelifikiria jambo hili siku tatu nikiwa na kufuli mkononi, maana bila kufuli mkononi sifikiri vizuri. Kufuli la maana lina ufunguo mmoja. Ukitengeneza wa akiba, yule wa kwanza hana tena cha kujivunia, unamtupa popote, kwenye droo, chini ya zulia. Nyinyi mji wetu mmeuchongea ufunguo wa akiba bila kumwambia mwenye ule wa kwanza.

Na mkianza hivyo mtaishia wapi? Leo waya ukikatika mwanga unageuza njia, hakuna anayegutuka. Kesho daraja likivunjika watu watageuza njia. Keshokutwa mwalimu asipokuja wanafunzi watageuza kwa mwalimu wa upande wa pili, kinyozi akifa vichwa vitageuza, na dada yangu ataambiwa nduguyo yuko chini ya lori, atasema haidhuru, tunaye mwingine anayezungukia huku. Mtu akifukuzwa kazi huambiwa kosa lake. Mimi nimefanya kosa ambalo nchi nyingine ningetangazwa kwenye taarifa ya habari, nikaambiwa asante kwa kupiga simu. Hata kosa langu halihitajiki! Sasa nitaishi vipi na watu?

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima:

(a) Upande wa pili wa duara muung'oe. Wote. Kama hamna watu wa kuchimba, mimi nitakuja na kinyozi, ambaye namdai fidia ya maneno yake. Mwanga wote wa mji upite kwangu, kwa njia moja, kama watu wenye adabu.

(b) Ikiwa (a) itachukua muda, basi kuanzia wiki hii mtandao uzimwe nusu saa kila ninapokwenda kula. Hospitali muiache. Benki zizimwe. Mita za maji zizimwe kwanza, kama zina mtandao, na kama hazina mziwekee ili mzizime.

(c) Kabla ya Ijumaa mniandikie barua yenye muhuri, kwa herufi kubwa maana askari husoma kwa kidole, mkitamka kwamba kibanda changu ni sehemu ya mtandao, na kwamba mimi ni mlinzi wenu rasmi tangu siku ya kwanza, na kwamba kuniondoa ni sawa na kuuondoa mji.

Sina zaidi. Nimesema kwa uchungu lakini sikutukana, utakuwa umeona.

Nisalimie yule binti wa simu, mwambie kufuli lolote la kwao nitalifungua bure. Nisalimie msimamizi wa kofia ya njano popote alipo, na dereva wa lile lori, mwambie goti limepona. Nisalimie walinzi wa getini kwenu, wenzangu katika kazi, na atakayeifungua bahasha hii, na atakayekuletea mezani, na wote watakaoisoma kabla yako.

Ni mimi, niliyesimama imara juu ya mali yenu hata pale isiponihitaji,

Fundi Makufuli,
Mlinzi wa Shimo Namba 114.

Nyongeza. Jumanne, saa nne asubuhi. Bahasha ilikuwa bado haijafungwa. Leo nilipofika kazini niliona lile komeo la kushoto limeufanya mfuniko ucheze upande wa kulia, na mimi siwezi kuacha kazi nusu. Nikatoboa na kulia, nikapitisha bolti ya pili. Nayo ilikataa kidogo.

Sasa nimefunua na nimeelewa. Siku ile mnachimba mliona uvivu wa kuchimba mtaro mwingine, mkapitisha shimo hili hili waya wa kwenda na waya wa kurudi, mmoja kushoto mmoja kulia. Duara lenu lina kiuno, na kiuno chenyewe kiko mbele ya kibanda changu. Kwa hiyo ombi (a) lifuteni. Upande wa pili msihangaike kuung'oa. Nimeshaung'oa.

Safari hii sikupanda benchi. Sikuhitaji. Mpira wa kinyozi umeganda hewani kabla haujafika golini na wateja wake wametoka nje, mmoja amenyolewa nusu. Mama wa duka la dawa anaitikisa simu kama chupa ya dawa. Watu wa benki wamefunga mlango na wamesimama kwenye ngazi wakitazama juu, sijui kwa nini juu, wakati mambo yako chini. Nimepiga namba ya kwenye mfuniko niwaarifu, hata kuita haiiti.

Askari wa jiji alikuja mbio, akavua kofia, akaniuliza kwa adabu ambayo sijawahi kuiona kwake: "Mzee wangu, hivi mlinzi wa shimo hili ni nani?" Ndugu Meneja, miaka mitatu nililingoja swali hilo. Nikamwambia simjui. Nikamwambia mimi hapa nachonga funguo tu, nasikia wapo watu wa kampuni huwa wanapitapita, na kwamba kibanda chenyewe nilikuwa nahama hata kabla ya Ijumaa, kwa kuitii karatasi yake.

Hivyo ile barua ya (c) naomba iseme kwamba sijawahi kuwa mlinzi wenu, jina langu hamlijui, na msimamizi wa kofia ya njano jioni ile hakuzungumza na mtu yeyote. Muhuri uwe mkubwa.

Barua hii naipeleka kwa mkono, maana njia nyingine hakuna. Ubao wa funguo umeshafika nyuma ya soko. Askari ndiye anayenisaidia kubeba, kwa sababu kazi zake zote huziingiza kwenye simu na simu yake inazungukazunguka tu. Ni mtu mwenye nguvu na hana kinyongo. Mafundi wenu waje upesi sana, mji unaumia, ila wasije kabla ya saa nane, maana tumebakiza mabati sita na benchi.